Otis Blue na snea ya Memphis inayochelewa: ni densi, ni jengo au ni mkono wa Al Jackson?

#1 Mpigo wa Pili

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiomba humu albamu za soul za kuanzia anamwagiwa majina ishirini, anaondoka hajui aanze na lipi. Mimi nataja moja: *Otis Blue* ya Otis Redding, lebo ya Volt, Septemba 1965. Nyimbo 11, karibu zote zimerekodiwa tarehe 9 na 10 Julai 1965 kwenye studio ya Stax, Memphis. Walianza asubuhi, wakakatisha saa mbili usiku ili wapigaji wawahi kazi zao za klabu, wakarudi saa nane usiku kuendelea.

Sasa hoja. Kinachoibeba albamu hii kuliko sauti ya Otis mwenyewe ni snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Pigo la pili na la nne halitui pale sikio linapolitegemea, linachelewa kidogo tu. Hawajakosea, maana uchelewaji ni uleule mwanzo hadi mwisho.

Na chanzo chake kinajulikana. Mei 12, 1965 Jerry Wexler, bosi wa lebo ya Atlantic, alikuwa Stax na mwimbaji Wilson Pickett wakirekodi "In the Midnight Hour". Wexler akatoka chumba cha mitambo, akawachezea pale sakafuni densi ya Jerk iliyokuwa inavuma wakati ule, kuwaonyesha uzito wa wimbo ukae kwenye pigo la pili. Mpiga gita Steve Cropper na mpiga ngoma Al Jackson wakaushika mtindo huo, na Cropper amesimulia mara nyingi kwamba waliendelea nao. Miezi miwili baadaye ikaja *Otis Blue*.

Nawasilisha. Wa kupinga apinge.

#2 Kobe Mwendokasi

Yaani bosi wa lebo kutoka New York ndiye aliyewafundisha watu weusi wa Memphis kucheza? Ngoja waje wajuzi. Natia kambi hapa.

#3 Fundi Tepu

Kobe, bendi ya Stax ilikuwa mchanganyiko. Booker T. Jones na Al Jackson Jr. weusi, Cropper na Donald "Duck" Dunn wazungu. Kwa Memphis ya 1965 hilo peke yake ni habari.

Mkuu Mpigo, kisa cha Wexler ni cha kweli, ila kinaeleza wimbo mmoja. "Mr. Pitiful" ya Otis ilitoka Desemba 1964. Isikilize leo: snea imeshalala nyuma na Wexler hajacheza densi yoyote. Tokeo haliwezi kutangulia chanzo.

Maelezo yangu ni jengo. Stax walikuwa ndani ya sinema ya zamani, Capitol Theatre, 926 East McLemore Avenue. Viti viling'olewa, sakafu ikabaki na mteremko wake, chumba cha mitambo kikajengwa juu ya jukwaa mbele ya ukumbi. Pale walipiga wote kwa mpigo mmoja, na miaka ya mwanzo hakuna aliyevaa hedifoni. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Aliyekaa mita 10 kutoka kwa mwenzake anamsikia milisekunde 29 baadaye. Mita 6, kama 17. Ukimfuata mwenzako kwa sikio umeshachelewa kabla hujagusa chombo. Ndiyo maana Cropper alikuwa akitazama mkono wa kushoto wa Jackson, hasubiri sauti imfikie.

#4 Mlevi wa Besi

Fizikia safi, hitimisho halisimami.

Anayecheleweshwa na umbali ni yule anayefuata. Mpiga ngoma hamfuati mtu, yeye ndiye anayefuatwa. Kama ukumbi ungekuwa chanzo, besi na matarumbeta ndivyo vingechelewa, na snea ingesikika INAWAHI. Sisi tunasikia kinyume chake. Fundi, umethibitisha jambo ambalo halipo.

Mimi nasema snea haijachelewa hata kidogo. Dunn anapiga besi mbele ya pigo, matarumbeta yanakata mapema, Otis anaingia kabla ya muda na zile "gotta gotta" zake. Wote wamesogea mbele, Jackson peke yake kabaki mahali pake. Ukiwa ndani ya basi linalokwenda, aliyesimama kituoni anaonekana anarudi nyuma.

#5 Bi Santuri

Nyote mnaizungumzia snea kana kwamba iko peke yake. Haiko.

Sikilizeni anachofanya Cropper kwenye pili na nne. Anakata kodi fupi (noti kadhaa kwa pamoja) kwenye gita lake la Telecaster, nyuzi za juu tu, anazifunga kwa kiganja papo hapo. Kodi hiyo inatua JUU ya snea. Mnachokisikia kama pigo moja ni vitu viwili: mlio wa fimbo kwenye ngozi, kisha mlio wa gita nyuma yake kidogo tu. Sikio linaviunganisha kuwa pigo nene, na katikati ya unene huo ndipo tunapopahesabu kuwa "pigo". Gita likichelewa milisekunde 15, pigo zima litasikika limechelewa hata kama fimbo ya Jackson iko sawasawa.

Anayetaka kulihakikisha achukue toleo la stirio, siyo mono, asikilize upande mmoja mmoja. Vyombo vimegawanywa kushoto na kulia kwa ukali mno, kwa muziki ni kasoro, kwa uchunguzi ni zawadi.

#6 Kobe Mwendokasi

Kwa hiyo mshtakiwa namba moja, snea, hana hatia. Namba mbili, gita. Mahakama iendelee, karanga bado zipo.

#7 Nyatiti Blue

Wasee, mnabishana bila kulinganisha kitu na kitu. Kuna albamu moja inayowapa jaribio tayari: *The Exciting Wilson Pickett*, Atlantic, 1966. Mwimbaji mmoja, lebo moja, lakini studio mbili. "In the Midnight Hour" na "634-5789" ni za Stax na Al Jackson. "Land of 1000 Dances" ni ya FAME, Muscle Shoals, Alabama, na ngoma ni za Roger Hawkins. Cheza "634-5789" kisha "Land of 1000 Dances" bila kupumzika. Hawkins yuko juu ya pigo, anasukuma. Jackson amekaa.

Ukitaka ushahidi mwingine wa Hawkins chukua *I Never Loved a Man the Way I Love You* ya Aretha Franklin, 1967. Wimbo unaobeba jina la albamu ulirekodiwa FAME Januari 1967. Zilizobaki zilimaliziwa New York na wengi wa vijana walewale wa Alabama, maana kikao cha FAME kilivunjika kwa ugomvi siku ileile ya kwanza. Vyumba viwili, na pale Hawkins alipokaa kwenye ngoma mkono hausikiki umebadilika. Kwangu hiyo inaua hoja ya jengo.

#8 Mpigo wa Pili

Nyatiti umetisha. Naongeza jaribio la upande wa pili: mpiga ngoma yuleyule, jengo tofauti.

Al Jackson alipiga pia kwenye rekodi za Al Green pale Royal Studios, Memphis, chini ya Willie Mitchell. Anza na *Let's Stay Together* ya 1972. Wimbo wenyewe Jackson ni mmoja wa watunzi wake, na Green na Mitchell. Uchelewaji upo? Upo, tena umezidi. Snea imefungwa, haina mwangwi, inapiga "tup" na kunyamaza, na bado iko nyuma.

#9 Fundi Tepu

Mpigo, umenisaidia bila kutaka. Royal nayo ilikuwa sinema, na sakafu yake ina mteremko vilevile. Umebadilisha sinema kwa sinema, hujabadilisha aina ya jengo.

Halafu kwenye rekodi za Al Green usimhesabu Jackson peke yake, Howard Grimes naye amepiga nyingi. Kabla ya kutoa ushahidi kwa wimbo fulani, hakikisha ni nani aliyekaa kwenye kiti.

Na Mlevi, hoja yako ya #4 naikubali nusu. Wapigaji walisikiana kwa umbali, sawa, hilo halimcheleweshi Jackson. Lakini maiki nazo zina masikio. Snea inaingia kwenye maiki yake ya karibu mara moja, kisha inavuja na kuingia kwenye maiki ya matarumbeta na ya mwimbaji iliyo mita kadhaa kule. Mvujo ule unafika nyuma kwa milisekunde 15, 20, 25 kutegemea umbali. Ukichanganya yote kwenye mono unapata mlio wenye ncha ndogo mbele na mwili mkubwa nyuma. Jengo halikumchelewesha mtu, limeuchelewesha MWILI wa mlio.

#10 Mlevi wa Besi

Sasa hiyo ndiyo hoja. Ile ya kwanza ilikuwa ngonjera.

#11 Mganga wa Spika

Habari zenu. Badala ya kuvutana, pimeni. Programu ya Audacity ni ya bure na kazi ni ya jioni moja.

Chukua sauti kutoka CD, au faili la FLAC. Usitumie MP3 wala sauti ya kudaka YouTube. Faili la MP3 linakatwa vipande vya sampuli 1152, yaani kama milisekunde 26 kwa kiwango cha 44,100, na ndani ya kipande kelele ya mkandamizo inaweza kutangulia pigo lenyewe. Unatafuta tofauti ya milisekunde 10 ndani ya ukungu wa 26, hutaiona.

Usiweke mita ya tempo ya kudumu. Hawa hawakupiga na metronomu, mwendo wao unapanda na kushuka. "In the Midnight Hour" ni kama mapigo 112 kwa dakika, pigo moja milisekunde 536 hivi, lakini ukipanga gridi ya 112 mwanzoni, kufika kibwagizo cha pili gridi imeshawaacha. Kipimo lazima kizaliwe ndani ya kila ba, yaani kila fungu la mapigo manne.

Kwa hiyo: weka alama kwenye kiki (ngoma kubwa ya mguu) ya pigo la kwanza na kiki ya pigo la tatu (Ctrl+B inaweka lebo). Gawanya umbali kwa mbili, hapo ndipo pigo la pili "lilipaswa" kuwa. Weka alama kwenye snea. Tofauti ndiyo uchelewaji. Kwa mfano tu: kiki ya kwanza iko 0, ya tatu iko 1072, katikati ni 536, snea ikiwa 550, imechelewa 14. Fanya ba 16, upate namba za kutosha, kisha zipange kwa ukubwa uchukue ya katikati. Usichukue wastani, namba moja mbovu inauvuruga wote.

Vuta picha mpaka milisekunde 50 zijaze skrini nzima. Alama iwekwe pale wimbi linapoanza kuinuka, siyo kwenye kilele.

Kosa kubwa la watu ni kuchuja kwanza ili kuiona snea vizuri, halafu kupima kwenye wimbi lililochujwa. Chujio lenyewe linasogeza wimbi. Chuja kwenye nakala ili ujue snea iko wapi, kisha rudi kwenye wimbi halisi uweke alama.

#12 Fundi Tepu

Safi sana. Wenye santuri nawajibu kabla hawajauliza: tundu la katikati likiwa limepotoka, mwendo unayumba kila mzunguko, na mzunguko wa 33⅓ ni sekunde 1.8. Tundu likikosea nusu milimita kwenye mfereji ulio sentimita 10 kutoka katikati, mwendo unayumba asilimia 0.5 juu na chini. Inatisha kwa masikio ya piano, lakini ukiihesabu kwa muda pigo linasogea kama milisekunde moja na nusu tu. Santuri inafaa. Bora isiwe imejikunja.

#13 Mgeni wa Mtaa

Shikamooni wakubwa. Nafuatilia uzi tangu jana. Mimi nataka albamu tu za kusikiliza, hayo ya milisekunde mtanisamehe. Ninunue zipi na toleo gani?

#14 Bi Santuri

Marahaba mwanangu. Hawa waache na rula zao.

*Otis Blue*: tafuta CD mbili za Rhino za mwaka 2008, zina mono na stirio pamoja. Zote mbili zina maana, kwa sababu "I've Been Loving You Too Long" ya mono ni ileile ya singo iliyotangulia Aprili 1965, na ya stirio waliirekodi upya Julai. Ni maimbo mawili, si michanganyiko miwili ya wimbo mmoja. Ya singo ndiyo inayoliza.

Blues ya kuanzia, *Live at the Regal* ya B.B. King, Chicago, Novemba 21, 1964. Upande wa kwanza usiukatishe: "Every Day I Have the Blues" inakwenda mbio, anashuka kwenye "Sweet Little Angel", anaunganisha na "It's My Own Fault", anaingia "How Blue Can You Get?", anamalizia "Please Love Me". Sonny Freeman kwenye ngoma anashusha mwendo bila bendi kusimama. Sikiliza akina mama wanavyomjibu kila akibana uzi.

Ya pili, *Hoodoo Man Blues* ya Junior Wells, Delmark, 1965. Gita la Buddy Guy kwenye baadhi ya nyimbo linatikisika kama liko chini ya maji. Ampu yake ilileta hitilafu wakati wa kurekodi, wakalipitisha gita kwenye spika ya Leslie ya kinanda, ile yenye pembe inayozunguka. Kwenye jalada la mwanzo Buddy aliandikwa "Friendly Chap" kwa sababu za mkataba. Watu wanne tu chumbani, na kila mmoja anasikika anapovuta pumzi.

Ya tatu, *Born Under a Bad Sign* ya Albert King, Stax, 1967. Hapo ndipo blues na huu ubishi vinapokutana, bendi ni ileile ya Booker T. King alikuwa wa shoto, akapindua gita bila kubadilisha mpangilio wa nyuzi, nyuzi nyembamba zikawa juu. Kwa hiyo wengine wanasukuma uzi kwenda juu, yeye anauvuta kwenda chini kwa vidole vyote. Ndiyo maana ukimuiga kwenye gita la kawaida kidole kinachoka kabla noti haijafika.

Jazz watakutajia wengine.

#15 Mlevi wa Besi

Bi Santuri kagusa pazuri. Kwenye hiyo *Born Under a Bad Sign* sikilizeni "Crosscut Saw". Jackson kaacha kabisa pili na nne, anapiga mtindo wenye harufu ya Kuba, na hapo hakuna uchelewaji wowote, kila fimbo iko juu ya pigo. Jengo lilelile, gita la Cropper lilelile, mvujo wa maiki uleule. Kwa hiyo uchelewaji ni UAMUZI. Anautumia akitaka, anauacha akitaka. Fundi, jibu hilo.

#16 Fundi Tepu

Jibu ni kwamba hujapima, umesikiliza.

#17 Kobe Mwendokasi

Hapo pamewaka. Ongeza kuni.

#18 Kinanda Kikuu

Kwa Mgeni, upande wa jazz: *Go* ya Dexter Gordon, Blue Note, ilirekodiwa Agosti 27, 1962 kwa Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey. Sonny Clark piano, Butch Warren besi, Billy Higgins ngoma. Naitaja kwa sababu inahusu uzi.

Dexter anachelewa kuliko mtu yeyote mnayemjadili, lakini ni kinyume cha Memphis. Kule mpiga ngoma ndiye aliyebaki nyuma na mwimbaji yuko mbele. Hapa Higgins na Warren hawasogei hata unywele, saksofoni ndiyo inayokokota. Kwenye "Cheese Cake" anaweka sentensi nzima nyuma ya simbali, halafu mwisho wa sentensi anatua pamoja nao. Wanaojifunza huwa wanaharibu hapa: mpiga solo akikokota, besi inamwonea huruma na kumsubiri, mwendo unashuka, na mchezo umekwisha. Kukokota kunahitaji mtu asiyekokoteka.

Na *Kind of Blue* ya Miles Davis, 1959, ila angalia toleo. Nyimbo tatu za upande wa kwanza, "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green", zilirekodiwa Machi 2, 1959 na mashine iliyokuwa ikienda pole kuliko inavyotakiwa. Tepu ikichezwa kwa mwendo sahihi, muziki unakwenda mbio kidogo na sauti inapanda. Watu waliishi na kosa hilo zaidi ya miaka thelathini. Lilirekebishwa 1992 kwa kutumia tepu ya akiba kutoka mashine ya pili iliyokuwa ikirekodi sambamba. Kujua toleo lako ni la kundi gani, chukua chombo kilichotuniwa A ya hezi 440 upige noti ya D chini ya "So What": kama haikai sawa na besi ya Paul Chambers, unayo ya zamani. "All Blues" na "Flamenco Sketches" ni za Aprili 22, hazina tatizo.

#19 Mganga wa Spika

Na tukizungumzia kupima: yeyote anayetaka kulinganisha uchelewaji wa jazz na wa Stax asitumie *Kind of Blue* ya kabla ya 1992. Mwendo si wa kweli, na milisekunde zake nazo si za kweli.

#20 Jirani Mkorofi

Mbona mnajisumbua na jazz ya Marekani? Tuna Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Jazz zimejaa hapa nyumbani.

#21 Kinanda Kikuu

Jirani, hizo ni bendi za dansi na tunazipenda, ila Mbaraka Mwinshehe hakuwa akipiga "So What". Usiuvuruge uzi.

Kama unataka jazz ya Marekani iliyotazama huku, ipo. *Uhuru Afrika* ya Randy Weston, ilirekodiwa New York Novemba 1960. Maneno ni ya Langston Hughes, mpangilio wa vyombo ni wa Melba Liston, na mwanzoni utamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akighani kwa Kiswahili. Sehemu nne, ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues". Kwenye midundo wamo Max Roach, Olatunji, Candido na Armando Peraza. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku 1964. Usiisikilize kwenye simu: ngoma ni nyingi mno, spika ndogo inazigeuza kuwa mvua ya mawe.

#22 Nyatiti Blue

Na *Mwandishi* ya Herbie Hancock, 1971. Bendi nzima ilijipa majina ya Kiswahili: Herbie ndiye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga. Huyo Henderson ni daktari wa kweli, Mganga wetu wa #11 sijui.

Wimbo wa kwanza, "Ostinato", unahesabika 15. Usijaribu kuhesabu moja hadi kumi na tano, utapotea. Hesabu nane, kisha saba, rudi kwenye nane. Besi inarudia kitu kilekile muda wote, ishike hiyo. Ukisikia umejikwaa ni kwa sababu uliipa saba yako nafasi ya nane.

#23 Mganga wa Spika

Mimi naganga koni zilizopasuka tu.

#24 Dramaboi

Natoka upande wa wanaotengeneza biti. Ushahidi wangu ni wa kujenga, siyo wa kupima.

Weka mwendo 112. Kiki, hai-hati (simbali mbili za mguu) na snea vyote kwenye gridi. Chelewesha snea tu kwa milisekunde 10: husikii kuchelewa, unasikia uzito. Ifikishe 20: sasa ni Memphis. Ukivuka 30 inaanza kusikika kama mtu kakosea. Halafu hapo kwenye 20, chelewesha na hai-hati nayo 20. Ule uzito unatoweka, kwa sababu kilichokuwa kinaonyesha uchelewaji nacho kimehama. Hii inampa nguvu Mlevi wa #4: uchelewaji ni uhusiano, hauko ndani ya snea.

Lakini inampa nguvu na Bi Santuri. Rudisha snea kwenye gridi kabisa, weka gita fupi juu yake lililochelewa 20, lishushe sauti mpaka usilitambue kama gita. Utapata karibu kitu kilekile. Masikio yangu hayatofautishi.

#25 Bi Santuri

Asante mwanangu. Nimesubiri posti hii tangu namba 5.

#26 Mlevi wa Besi

Kuweza kutengenezwa hivyo si ushahidi kwamba ndivyo ilivyotengenezwa, mama.

#27 Mpigo wa Pili

Turudi kwenye densi, maana mmeizika haraka. Fundi alisema #3 kwamba "Mr. Pitiful" ya 1964 tayari imechelewa. Nimeiweka sambamba na "In the Midnight Hour" na siyo kitu kimoja. Kwenye "Mr. Pitiful" snea imelegea, inakwenda na kurudi. Kwenye "Midnight Hour" imekaa nyuma palepale kila ba. Wexler hakuuanzisha uchelewaji, aliufanya uwe wa makusudi. Sikilizeni na za mwaka uliofuata: "Hold On, I'm Comin'" ya Sam & Dave, "Knock on Wood" ya Eddie Floyd, zote 1966. Unaweza kuweka fimbo yako pale Jackson anapoweka yake bila kukosa.

#28 Fundi Tepu

Au ngozi ya snea ilikuwa imelegezwa zaidi 1966. Ngozi iliyolegea ina mlio mzito wa chini unaochukua muda kukomaa, ncha inakuwa hafifu na mwili unakuja nyuma. Mganga anapima mwanzo wa wimbi, sikio linapima mwili. Mnaweza kuwa sahihi wote na bado msikubaliane.

#29 Mganga wa Spika

Basi kila anayeleta namba aseme amepima wapi, mwanzo au kilele. Bila hivyo tutabishana hadi mwaka kesho.

#30 Nyatiti Blue

Kuna shimo jingine kwenye kipimo chako cha #11, Mganga. Unachukua kiki ya kwanza na ya tatu na kugawa kwa mbili. Umedhani kiki ya tatu iko mahali pake. Jackson akiiwahisha kiki ya tatu, katikati yako nayo inawahi, na snea iliyo sawasawa itaonekana imechelewa. Na kwenye "Midnight Hour" yenyewe kiki imefunikwa na besi ya Dunn, kwa hiyo nusu ya alama zako utakuwa unaweka kwenye besi, chombo ambacho Mlevi anadai kinawahi.

#31 Mganga wa Spika

Chukua kiki ya kwanza hadi kiki ya kwanza ya ba inayofuata, ugawe kwa nne. Makosa ya kiki ya tatu yanaondoka.

#32 Nyatiti Blue

Yanaondoka hayo, yanaingia ya mwendo. Ndani ya ba nzima bendi inaweza kuharakisha, hasa ikikaribia kibwagizo.

#33 Mganga wa Spika

Acha ba mbili kabla ya kibwagizo, usizihesabu. Na anza na "634-5789", siyo "Midnight Hour".

#34 Mgeni wa Mtaa

Nimepata *Otis Blue* ya CD mbili. Nianze na ipi, mono au stirio?

#35 Bi Santuri

Mono.